Moto wa Msitu wa Kirahinda

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kibondo
Jumatatu, tarehe 10 Septemba 1973, saa 3:15 asubuhi

Jina: Bazilio s/o Ntibakazi
Umri: miaka 41
Kabila: Muha
Kazi: mlinzi wa msitu
Makazi: kijiji cha Kumsagara, barabara ya Mabamba

Ninalinda msitu wa Kirahinda tangu mwaka 1961. Msitu huo uko mpakani na Burundi. Chini yake kinapita kijito cha Nyamabare, na vijiji vitatu vinachota maji humo.

Mwezi wa tatu mwaka huu watu wenye silaha walivuka mpaka, wakapitia ndani ya msitu, wakaua watu wanne kijijini kwetu. Mmoja alikuwa dada yangu. Baadaye kikosi cha askari kilikuja kupiga kambi juu ya kilima. Tulishukuru. Tulianza tena kulala ndani ya nyumba.

Mwezi wa nane ikaja amri kwamba miti yote iliyo ndani ya maili moja kutoka mpakani iondolewe, adui asipate pa kujificha. Amri ilikuja na waraka, nami nilisomewa. Waraka unasema moto usiwashwe mpaka mlinzi aukague msitu wote kwa miguu, atoe watu, na njia ya kuzuia moto ilimwe kuzunguka chemchemi ya kijito.

Mnamo tarehe 4 Septemba, siku ya Jumanne, saa 1 asubuhi, nilifika kambini. Luteni aliyesimamia kazi hiyo alinionyesha karatasi ya idhini. Nilimwambia, "Afande, moto wa mwezi wa tisa hausikii mtu. Msitu huchomwa mwezi wa tano, majani yakiwa bado na umajimaji."

Akasema, "Adui hangoji majira, mzee. Nenda kakague. Saa saba nawasha."

Nilimwambia Kirahinda ni kazi ya siku mbili, na njia ya moto haijalimwa hata hatua kumi. Akasema, "Una mpaka saa saba."

Nilikagua upande wa juu. Ilipofika saa 5 hivi nikaona baiskeli imeegemezwa kwenye mninga. Niliijua, ni ya jirani yangu Kipriani Bahenda, mrina asali. Niliita mara tatu. Hakuna aliyeitika. Mizinga yake iko kule kijitoni, mwendo wa saa nzima kushuka, na kupanda ni zaidi. Sikushuka.

Saa 6:40 nilikuwa kambini. Nilimwambia Luteni kwamba chini kuna mrina asali. Akasema, "Akisikia moshi atatoka. Mwezi wa tatu ulizika. Unataka kuzika tena?" Karatasi ilikuwa imeshaandikwa kwamba msitu umekaguliwa wote na hauna mtu. Nikatia sahihi.

Swali: Ulitishwa?
Jibu: Hapana. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Nilikuwa namwaza dada yangu. Nami nilitaka msitu ule uungue.

Saa 7 kamili askari waliwasha. Kwa nusu saa moto ulikwenda kama walivyotaka, kisha upepo ukageuka, ukausukuma bondeni. Ndipo tukasikia sauti kutoka chini, mtu anaita kwa Kiha, "Umuriro! Umuriro!" yaani moto. Kisha akaita jina langu. Aliniita kwa kuwa alijua mlinzi ni mimi. Nilikimbia kushuka. Askari mmoja alikimbia pamoja nami mpaka tukashindwa kuvuta pumzi, akanikamata shati akanirudisha. Alikuwa analia. Jina lake silijui.

Tarehe 5, saa 12 asubuhi, tuliwakuta kijitoni, wamekufa. Walikuwa wawili, Kipriani na Tharsisi. Tharsisi ni mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa akiishi kwa Kipriani tangu mwaka jana na kumsaidia kubeba asali. Walikuwa wamelala ndani ya maji, lakini wakati huu wa kiangazi maji ya Nyamabare hayafiki magotini. Chemchemi imejaa majivu. Mpaka leo wanakijiji wanachuja maji kwa kitambaa, na askari nao hivyo hivyo.

Nilikwenda mwenyewe kwa Immakulata, mke wa Kipriani. Aliniuliza, "Shemeji, ulijua yumo?" Nikasema nilijua. Akaingia ndani. Kisha akaniletea maji ya kunawa, maana mikono yangu ilikuwa na masizi.

Tarehe 8, saa 10 jioni, Luteni aliniita akanipa karatasi nyingine. Iliandikwa kwamba maadui wawili wamekutwa msituni, na kwamba wao ndio waliowasha moto. Nikasema, "Afande, Kipriani ni balozi wetu wa nyumba kumi."

Akasema, "Alikuwa anaficha Mrundi. Tia sahihi. Ile ya kwanza ninayo. Usipotia hii, ile itakuwa kitanzi chako."

Sikutia. Karatasi ile ikipelekwa, Immakulata ataitwa mke wa adui, na wakimbizi walioko kijijini kwetu watafukuzwa. Wao pia walishiriki kumzika dada yangu. Jana baada ya misa nilianza safari kwa miguu kuja hapa.

Ninayoyasema ni niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa mkono wangu. Sikutumwa na mtu.

(Sahihi) Bazilio Ntibakazi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Omary Kasimu, nikamsomea shahidi neno kwa neno, akakiri ni sahihi. Nilimwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Alijibu kwamba anajua, ndiyo maana amekuja na blanketi lake.