Roboti Alipolilia Friji

Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Pokea salamu za Kiganjo. Jentrix akikusomea hii, asome polepole.

Huku kumenyesha, mboga zangu za sukuma nilizopanda kwa ndoo zimeshika. Philip wangu bado ako kazi ya mjengo huko Ruiru, anarudi Jumamosi.

Kukhu, sikukwambia jambo moja. Tangu ile homa ya uti wa mgongo, mtoto wetu Marvin hageuki nikimwita. Daktari alisema huenda masikio yamekufa.

Jana tulikuwa kwa jirani, Mama Kinuthia, tukiangalia ile hadithi ya watu wanaoishi kwa chombo cha angani. Kawaida inatisha, lakini jana roboti wao alishikwa na mapenzi ya friji. Wamama wakicheka, Marvin anaangalia nyuso zao, anacheka pia. Nikashindwa kujua: anasikia, ama anatuiga?

Nikamgeuza aangalie ukuta, acheze na vifuniko vyake vya soda. Nikawaomba, "Tafadhali, asicheke mtu."

"Woi, Mama Marvin, nitapasuka!" Mama Kinuthia akasema, akauma leso.

Kwa TV wakazima friji. Roboti akapiga magoti, akalia kama beberu. Kicheko kilitubana, machozi yakatutoka, lakini hakuna aliyetoa sauti. Wote tulikazia macho kisogo cha Marvin.

Hakikusonga.

Roboti akalia tena, kwa nguvu zaidi. Kifuniko kikamponyoka Marvin mkononi. Kukhu, akacheka, peke yake, bado anaangalia ukuta.

Nilimwita. Akageuka.

Ukija Desemba, uje na zile nyimbo zako zote.

Mjukuu wako,
Naliaka