Neno Ulilomalizia Kaseti

Kibokoni,
S.L.P. 80417,
Mombasa.
14 Agosti 1996

Mpendwa kaka Shebwana,

Assalaam aleykum. U hali gani huko Toronto, na kazi, na kile kifua chako kisichopatana na baridi? Mimi ni mzima wa kiwiliwili. Mengine utayasoma.

Kaseti ilifika. Ulizungumza Kiswahili chako kizuri mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha sauti ikakukatika ukakimbilia Kiingereza: "I miss you, Mama." Sikulaumu. Ila mimi nilikuwa kazini Liwatoni, na Mama hakuwa na subira. Alimwita Nicodemus, mpangaji wetu wa juu afanyaye kazi bandarini, amfasirie. Naye ana haraka zake. Akasema, "Amekukosa," akashuka ngazi.

Basi Mama akaelewa kwamba ulikuja, ukabisha hodi, hukumkuta, ukarudi zako. Akakumbuka ile siku aliyokwenda hitimani mtaa wa Kuze. Akalia, "Mwanangu amekuya nami sipo!" Tangu hapo hatoki nje. Siku ya kutolewa mtoto wa jicho ilipofika, aligoma kwenda hospitali. "Akiya tena asinikute?"

Nilipojua chanzo, nilikwenda kwa Mwalimu Awiti aliyenisomesha Kiingereza, anisaidie kueleza. Akafungua kamusi lake nene. Kumbe zamani hizo neno hilo "miss" lilikuwa la mtu arushaye kitu kikapita kando ya shabaha. Baadaye likawa kutompata mtu, na mwisho kabisa ndipo likawa hamu ya asiyekuwapo. Wazungu ni mabahili kweli, kaka. Majonzi yote hayo, na basi la asubuhi likikupita, neno ni hilohilo!

Nikamweleza Mama taratibu kwamba una hamu naye, basi.

"Kwa hivyo hakuya?"

"Hakuja, Mama."

"Ungeniwata na lile la Nicodemus." Labda kweli ningemwacha nalo.

Sasa hana cha kumzuia kutoka, lakini hospitali hataki kusikia. Eti macho atamwonea nani. Nimembembeleza, nimemkasirikia, wapi! Jicho la kulia limeshazima, na daktari asema la pili halina muda. Naumia, kaka, nikimwona akipapasa ukuta kutafuta mlango.

Najua karatasi zako za ukaazi huko hazijatoka, na sidhani zitatoka. Usimdanganye kwamba waja. Tuma kaseti nyingine tu, useme hamu yako kwa lugha aliyokulea nayo. Huenda akakubali kutibiwa, ingawa mimi nimeshakata tamaa.

Nicodemus akusalimu sana, hadi leo ajilaumu. Shangazi Mwanaidi naye akusalimu na kukuombea. Mola akufunike huko uliko, akufungulie penye kufuli.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie nami nimemkosa." Sikumuuliza kwa maana ipi.

Ni mimi dadako akupendaye,
Mwanatumu