Mizunguko Kumi na Minane

Bwenini,
Jumapili, 4 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono imejaa grisi kama kawaida yako. Mimi sijambo, ila mafua ya bweni yamenipitia kama yalivyowapitia wenzangu wote. Mama hajambo? Bado anakufokea ukiingiza baiskeli sebuleni?

Wenzangu wanasimulia likizo zao: harusi, wageni, sinema. Nilipoulizwa mimi nilijibu, "Nilimsaidia kaka yangu msituni," wakacheka, wakadhani tulikata kuni. Sikueleza. Ningewaelezaje kwamba siku tisa nzima nilitembea kwenye kijia chembamba kisichopitisha watu wawili sambamba, daftari mkononi, nikiandika kila mzizi na kila jiwe, huku wewe ukipita na baiskeli na kuhesabu mizunguko ya pedali kwa sauti?

Daftari lile linaninyima raha. Juani unaona, sawa. Lakini ulisema mwenyewe kwamba ukiingia chini ya miti ni kama unatazama kupitia mdomo wa chupa. Nilikubali kuandika kwa sababu uliniomba, na nilikubali kunyamaza kwa sababu uliniapisha. Sasa niko mbali, sina la kufanya ila kukusihi: mwambie Mama. Nenda ukapimwe macho.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Miwani


Nyumbani,
Jumanne, 13 Mei

Miwani wangu,

Marahaba. Pole na mafua. Sisi wazima. Mama jana alijikwaa kwenye pedali yangu akielekea jikoni, akasema baiskeli hii ikizaa, mtoto wake atapewa chumba chako.

Kwa Fundi mambo ni yaleyale: kunyoosha ringi, kuziba pancha, kumsikiliza mwenzangu Spoki akijisifu. Mwembamba vile, eti atanishinda kwenye mashindano ya msituni ya tarehe kumi na nne Juni! Nimemwambia upepo ukivuma atafika yeye kabla ya baiskeli yake.

Macho usiyataje kwanza. Unajua kilicho mbele yangu. Watano wa kwanza watachukuliwa kuwa waongozaji wa wageni wanaokuja kuendesha msituni. Kazi ya kudumu, palepale ninapopenda kuwa. Nimeingoja tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Nikienda kupimwa leo wakaniambia basi, itakuwa nimekwisha kabla sijaanza. Mashindano yakipita nitakwenda, na Mama nitamwambia kwa mdomo wangu.

Isitoshe, daftari lako ni dawa. Kutoka daraja la magogo, mizunguko kumi na nane, kona kulia. Naingia kwenye kile kivuli kama mtu anayekwenda kuchota maji kwao. Wewe wa miwani ndiye unayeona. Mimi macho yangu ni ya mapambo.

Soma kwa bidii.

Kaka yako


Bwenini,
Jumapili, 25 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo tena. Mafua yameisha. Natumaini nyumbani hakuna aliyejikwaa tangu hapo.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na si kwa kuipenda. Mistari yako imepandana. Ule wa "watano wa kwanza" umeuandika juu ya ule wa Spoki, nikalazimika kuigeuza karatasi dirishani ili nitenganishe maneno. Mwaka jana hukuandika hivyo. Uliandika hii saa ngapi? Kama ni mchana, basi si chini ya miti tu.

Na ukishinda je? Utawaongozaje wageni kwa daftari? Siku mti ukianguka njiani, daftari halitajua.

Wiki iliyopita nilimwandikia Mama ukurasa mzima. Nikaukunja, nikautia kwenye bahasha, nikaandika anwani. Kisha nikaichana vipande vipande, kwa kuwa nilikuapia. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sijui humfanya nini anayemsaidia kuyaficha.

Unanijua, kusema mbele ya watu siwezi, hata darasani jibu nikiwa nalo nalimeza. Lakini kwako nasema: tafadhali.

Mdogo wako,
Miwani


Nyumbani,
Jumatano, 4 Juni

Miwani,

Marahaba, na usilie. Sote wazima, Mama anakusalimia.

Nina habari! Fundi ameniazima baiskeli yake ya mashindano. Yeye mwenyewe, mtu asiyemwazima mtu bisibisi! Alisema tu, "Ukiikwaruza, utaniachia ngozi yako." Ina magurudumu ya inchi ishirini na tisa, yatapita juu ya mizizi kama hayaioni. Ile kuukuu yangu ilikuwa na ya ishirini na sita, na imekwama kwenye gia moja, si unakumbuka? Hii ina gia tele. Lakini usiogope. Nimetafuta ile iliyo sawasawa na gia yangu ya zamani, na nitaiacha hapohapo, ili hesabu zako zisiharibike. Umeona? Na mimi nina akili.

Bado sijaijaribu msituni. Wameifunga njia ili waisafishe, hakuna mazoezi hadi siku yenyewe. Nimeizungusha barabarani tu.

Niombee.

Kaka yako


Bwenini,
Alhamisi, 12 Juni

Kaka,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Barua yako nimeipata mchana huu. Kipindi cha mwisho kilikuwa fizikia. Mwalimu alichora gurudumu ubaoni, akauliza likizunguka mara moja linakwenda umbali gani. Hapo nikaacha kumsikia.

Gia umeiweka sawa, lakini gurudumu si sawa. Gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko uleule wa pedali. Nimepiga hesabu mara nne. Kumi na nane ya daraja la magogo sasa ni kumi na sita. Ukifika kumi na nane utakuwa umeipita kona kwa mita nane hivi, na unajua kilichoko mita nane mbele. Ni korongo. Ishirini na saba ya kijitoni ni ishirini na nne. Nane ya mti uliolala ni saba.

KUMI NA SITA, Kaka.

Ijumaa, asubuhi.

Barua za shule hutoka Jumatatu. Nilijua, nikaandika hivyohivyo. Leo nimekwenda ofisini kwa karani. Nilisimama mlangoni mpaka akainua kichwa mwenyewe.

"Wewe mtoto, umetumwa au umepotea?"

"Naomba kupiga simu."

"Kuna msiba?"

"Bado," nikasema. Sijui kwa nini nilisema bado.

Akanitazama, akasukuma simu mezani. "Moja tu. Unampigia nani?"

Ningeweza kusema Mama. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Kaka." Simu yako haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nilipoanza kubonyeza namba ya Mama, karani akaichukua simu taratibu mkononi mwangu. "Moja ni moja, binti. Wenzako wako kwenye foleni."

Nikageuka. Kweli kulikuwa na foleni. Wote walikuwa wananitazama, nami, Kaka, nikatoka. Ningeweza kupiga kelele. Nilitoka.

Ni saa nne sasa. Mashindano ni kesho saa tatu. Naandika kwa sababu mkono hauna kingine cha kufanya.

Mdogo wako


Hospitalini,
Jumanne, 24 Juni

Miwani wangu,

Marahaba. Mwandiko huu mzuri si wangu. Anaandika Spoki, mimi nasema. (Mimi Spoki nakusalimu. Nilikuwa wa saba. Kaka yako anasema nisiandike hilo, naandika.)

Barua yako ya Ijumaa imefika jana. Spoki alinisomea. Alipofika kwenye kumi na sita aliiweka karatasi chini, nikamwambia endelea.

Nilihesabu vizuri sana, mdogo wangu. Kumi na nane kamili, nikakata kulia, na kulia hapakuwa na njia. Mguu umevunjika mara mbili. Baiskeli ya Fundi imekunjika. Alikuja, akakaa, hakuitaja ngozi yangu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa. Usijilaumu. Hesabu zako zilikuwa sahihi. Aliyebadilisha gurudumu ni mimi.

Walinimulika tochi machoni, wakamwita daktari wa macho. Anasema tatizo liko nyuma kabisa ya jicho. Hakuna miwani yake, hakuna upasuaji wake. Macho yatazimika polepole. Nikamuuliza polepole kiasi gani, akasema ningekuja mapema angalau ningezoea mapema.

Mama anajua. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu, wauguzi wakampa. Ameufungua ukurasa wa kwanza, ameujua mwandiko. Amelitia kwenye mkoba wake. Anakusalimia. Hajasema zaidi.

Nitalala na mguu huu wiki nane. Nina ombi moja, na ukikataa sitakasirika. Niandikie daftari jingine, la nyumba.

Kaka yako


Bwenini,
Jumapili, 29 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Pole. Nimeliandika neno hili mara nyingi, nikalifuta, halitoshi, lakini sina jingine. Spoki namshukuru kwa mwandiko. Atakusomea na hii.

Mama nimemwandikia. Safari hii sikuichana. Bado hajanijibu, na najua kwa nini.

Nimefumba macho hapa kitandani nikaipita nyumba yote. Kutoka kitandani kwako hadi mlangoni, hatua sita. Hapo shika ukuta wa kushoto, hatua nne, kuna kile kizingiti kilichomeguka. Kutoka kizingitini hadi mezani, tano. Kutoka mezani hadi mlango wa jikoni, tatu. Kutoka jikoni hadi bombani sikumbuki. Nimeishi humo miaka yote na sikumbuki, kwa kuwa sikuwahi kuhesabu.

Lakini hizi ni hatua zangu, Kaka, na miguu yangu ni mifupi. Usizifuate. Shule inafungwa baada ya wiki tano, nawe utakuwa bado umelala. Nisubiri. Utatembea wewe, nitahesabu mimi.

Mdogo wako,
Miwani