Siku Ambayo Mama Hakulia

Kebirigo, Nyamira
9 Juni

Mpendwa ndugu yangu Nyangau,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wa bendi, na kwamba kile kikohozi chako kimepoa. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imenyesha vizuri, chai inachumwa, na goti la Mama halimsumbui tena. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hujui kusikiliza, na haya nataka uyasome mpaka mwisho. Nimempa binti yangu Linda, anayerudi chuoni, akuwekee mkononi.

Nyangau, umetuaibisha. Nimetafuta neno la upole nikalikosa.

Riwaya yako ilipotoka sikuisoma. Niliambiwa ni ya giza na vifo, nikasema ni mambo ya watu wa roki, yatapita. Wewe mwenyewe ulituambia ni ya kubuni tu. Kisha huyo rafiki yako Geoffrey akaigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, akauleta Kisii mjini, nawe ukatutumia tikiti mbili za viti vya mbele. Mama alifurahi mno. Alivaa ile nguo yake ya kijani ya Sabato, ingawa ilikuwa Jumapili, na kila jirani tuliyekutana naye aliambiwa kwamba kitinda mimba wake ameandika kitabu.

Pazia likafunguliwa, nikaona boma letu. Boma letu, Nyangau! Migomba nyuma ya jiko, mlango wa bluu, hata kile kigoda chenye mguu uliofungwa kwa waya. Katikati kulikuwa na jeneza la kijana, na kando yake mwanamke ameketi, uso mkavu, anamtazama mwanawe akiteremshwa kaburini wala hatoi chozi. Na kama hayo hayakutosha, Geoffrey alimpa muwa autafune! Magitaa yakalia kama bati linalokatwa, na mwimbaji akatueleza kwamba mama huyo ndiye aliyemtilia mwanawe sumu. Watu wakazomea. Mmoja nyuma yetu akapaza sauti kwamba huyo omorogi achomwe, na ukumbi mzima ukacheka. Wewe umezaliwa hapa. Unajua vizuri kwamba kwetu mtu akishaitwa mchawi hapewi nafasi ya kujieleza.

Nilimngoja Geoffrey mlangoni. Hakuona haya hata kidogo. Alisema sanaa lazima iume, na kwamba wewe ulimwambia sumu uliibuni, lakini pale kaburini ni kweli tupu, uliona kwa macho yako ukiwa na miaka tisa. Akaongeza kwa furaha kwamba tarehe ishirini na tisa wanauleta mchezo hapa Kebirigo, sokoni, bila kiingilio. Hapa! Wanawake walionong'ona kwenye kituo cha chai miaka miwili kwamba Mama, Orpah, amemzika kifungua mimba wake bila chozi bado wako hai, na wengine tunasali nao. Ilichukua muda wakayaacha. Sasa wewe unawaletea tena, na vipaza sauti juu. Kaka yetu Abner aliuawa na homa ya uti wa mgongo, hospitalini, mimi nimemshika mkono. Hiyo sumu uliona vyema kumbebesha Mama?

Nilidhani Mama atakulaani. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi, akaniambia nisikugombeze kwa sababu hukusema uongo. Alisema kwa miaka ishirini na miwili, kila Sabato, amekuwa akimuuliza Mungu ni mama gani anayeshindwa kumlilia mwanawe. Anakumbuka alitaka kulia, ila ulimi ulikuwa mzito, na maombolezo aliyasikia kama yanatoka boma la pili. Anaamini Mungu alimnyima machozi kwa kuwa hakumpenda Abner vya kutosha. Na amekata shauri kwamba mchezo ukija sokoni atasimama mbele ya watu, akiri na kuomba msamaha. Fikiria hao watu watasikia nini hapo.

Niliposikia hayo nilitoka nje. Maana mimi najua kwa nini hakulia.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mama alikuwa hajalala siku nne, na asubuhi ya maziko aliniambia kwamba ataingia kaburini pamoja na Abner. Niliogopa. Nilikuwa na vidonge vya usingizi nilivyochukua wodini bila ruhusa. Daktari angempa kimoja. Mimi nilisaga vitatu, nikavitia kwenye uji wake, akanywa akanishukuru. Uliyemwona pale kaburini hakuwa mama asiye na huruma. Alikuwa mtu aliyeleweshwa na binti yake. Niliwaacha wanawake wamseme kwa kuogopa kufukuzwa chuoni. Baadaye nilinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Miaka hii ya karibuni nimenyamaza tu, kwa woga wa kumtazama usoni.

Usidhani nimekusamehe. Ulipaswa kuuliza kabla ya kuandika, na ungekuja kuniuliza mimi. Lakini mwenye kosa la kwanza si wewe. Mzuie Geoffrey, hata kama mtagombana, kisha uje nyumbani Ijumaa hii, jua halijatua. Nataka nimwambie Mama ukiwa umeketi pale. Nikiwa naye peke yangu nimejaribu mara nyingi na kila mara nimeishia kuzungumzia shinikizo lake la damu. Akinifukuza, wewe ubaki naye.

Wasalimu wenzako wote wa bendi. Linda atakueleza mengine ya huku, ila hili halijui. Mama anakusalimu sana. Ameniomba niandike kwamba hana kinyongo nawe hata kidogo, na kwamba, kwa jinsi ulivyomwona siku ile ukiwa mtoto, umsamehe.

Ni mimi dada yako,
Phanice