Mwisho Kilo Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Kaka amepanda mizani leo. Kilo sitini na moja. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa tisini na nne, na ile sahani ya mizani alikuwa akiikanyaga kama anaikomoa.

Alikuja dukani kwa miguu yake, shemeji kamshika mkono. Daktari amesema dawa zimefika mwisho, akae nyumbani, ale anachokitamani. Anachokitamani si chakula. Anataka twende bwawani mara moja tu kumvua Domo. Ndivyo tunavyomwita besi, yule samaki wa mdomo mkubwa anayejibanza kwenye miti iliyokufa upande wa pili wa bwawa. Akifungua kinywa, ngumi yangu inaingia.

Tatizo ni boti. Nyuma ina kibati: mwisho kilo mia mbili. Kaka hakubali izidi hata gramu, tangu siku ile tulipoongeza kreti moja ya soda, maji yakaingia, na mimi nisiyejua kuogelea nikanywa nusu ya bwawa. Akaweka sheria: kila kinachoingia botini kipite kwanza kwenye mizani ya duka. Hata viatu. Sisi tunauza chakula cha mifugo, miaka thelathini tunapima magunia. Kupima tumekuzoea kuliko kusalimia.

Yeye tisini na nne, mimi themanini na nane, fimbo, sanduku la chambo, nanga, makasia na jaketi za kuelea, vyote pamoja kumi na nane. Mia mbili kamili. Kwa hiyo ile motor ya betri, ya kimyakimya, aliyoinunua zamani kwa mbwembwe, haijawahi kugusa maji. Iko stoo ndani ya boksi lake. Na sasa bega langu la kulia limeharibika, yeye hawezi kuinua hata jagi. Bila motor miti ile tutaiona kwa macho tu.

Motor na betri yake, thelathini na nne. Kiti chenye mgongo cha kumkalisha, tano. Kaka akapiga hesabu kichwani akiwa bado juu ya mizani. Akasema akifika hamsini na tano, motor inaingia.

"Nipe wiki tatu," akasema, akacheka.

Shemeji akatoka nje. Mimi nikajifanya nafunga gunia lililokuwa limeshafungwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimetumwa duka la vifaa vya uvuvi. Mimi! Miaka yote kaka ndiye anachagua, mimi nabeba. Mwenye duka, Kipara, akaniuliza kaka yuko wapi. Nikasema amebanwa na kazi. Uongo wa kwanza wa wiki.

Fimbo yake ya zamani ni ngumu, ya kumng'oa Domo kwenye magogo kwa nguvu. Sasa mkono hauiwezi. Kipara akanipa fimbo tatu nizitikise. Niliona aibu, nilikuwa natikisa kama mtu anayefukuza mbwa. Nikachukua nyepesi kuliko zote. Na rili ndogo ya kukunjia uzi, ile ya kufungua kile kiwaya chake na kurusha, kwa sababu ile yake ya kubana uzi kwa dole gumba inataka dole gumba lenye nguvu. Uzi nikachukua wa kusuka. Kule kuna magogo, uzi wa kawaida unakatika.

Halafu nikaharibu. Nikanunua vyambo saba vya plastiki vyenye rangi zote za duniani, vinang'aa, vina manyoya. Kaka alivimwaga kitandani akavitazama.

"Umenunua hereni za bibi harusi?"

Akabakiza viwili. Mnyoo mweusi wa plastiki, ambao ndoano unaificha tumboni mwake ili isinase kwenye majani. Na chura wa mpira wa kuburuza juu ya maji. Vile vya kuzama na kuvuta maji kwa nguvu akavisukuma pembeni, hata vyake mwenyewe vya zamani. Kila alichokishika alikivuta hewani mara mbili kwa kifundo cha mkono, akasubiri, akakiweka huku au kule. Sikuelewa mpaka niko njiani kurudi. Hakuwa anachagua anachokipenda Domo. Alikuwa anapima mkono umebaki na nini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya jambo la kipumbavu. Naliandika hapa kwa kuwa sina pa kulisema.

Mizani yetu ina skrubu chini, ya kuiweka kwenye sifuri. Asubuhi kabla kaka hajafika, niliikaza. Kilo tatu. Mizani tupu inasema tatu.

Akapanda. Sitini na mbili. Yaani hamsini na tisa.

Nikasema kaka, umeongeza kilo nzima! Shemeji akashika mdomo, machozi yakamlengalenga. Furaha ya kweli, maskini. Akasema ni uji ule, alijua tu uji utamfaa. Kaka akaiangalia sindano ya mizani muda mrefu. Akasema basi motor isubiri.

Sikufanya kumdanganya ajisikie vizuri. Ningependa kuandika hivyo. Nilifanya kwa sababu sitaki afike hamsini na tano. Ndiyo ukweli wenyewe, wa kitoto. Nikadhani sindano isipofika, na yeye hatafika.

Alhamisi, 13 Machi

Njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ya siku tatu.

Kaka alikuja kukaa dukani, anasema nyumbani kuta zinamtazama. Tulimwekea kiti karibu na mlango. Mara akaingia mama wa kuku, yule mwenye banda nyuma ya shule, na kijana wa mkokoteni kabeba gunia la pumba. Akalitua mbele yangu. Hakupandisha sauti, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema ananunua kwetu tangu duka lina mlango mmoja, hajawahi kupunjwa hata kikombe. Jumanne kachukua gunia la hamsini. Kalipima kwa jirani, arobaini na saba. Akadhani mizani ya jirani ni mbovu, akapima kwingine. Arobaini na saba.

Skrubu! Nilisahau kuirudisha. Siku tatu nimewapunja watu wazima wenye heshima zao, kilo tatu kila gunia, na duka hili kaka alilijenga kwa mizani ya kweli na hakuna kingine.

Nikasema mizani imepata hitilafu. Nikampimia sita badala ya tatu, nikaomba radhi, akapokea. Alipotoka, kaka alikuwa bado anatazama barabarani.

"Ilikazwa lini?" akauliza.

Nikasema sijui.

Akainuka polepole, akapiga magoti chini ya mizani kama zamani alipokuwa ananifundisha, akairudisha skrubu kwenye sifuri kwa kucha. Ilimchukua muda. Nilisimama pale kama mlingoti, sikuweza hata kumsaidia kuinuka, mteja mwingine ndiye aliyemsaidia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezunguka na mkokoteni kurudisha kilo za watu. Nyumba kumi na moja. Kila mlango naomba radhi. Mmoja alisema, ah, mwanadamu hakosi kukosea. Nikataka kumkumbatia.

Jioni nilipita kwa kaka kumwambia kila kitu. Alikuwa anafunga chura wa mpira kwenye uzi, anafungua, anafunga tena. Fundo lile ni la kupitisha uzi mara mbili kwenye tundu. Akaniambia nifunge mimi. Nikafunga. Akavuta, likafyatuka. Nikafunga tena, likafyatuka. Mara ya tano likashika.

Sikumwambia. Hakuniuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Hamsini na saba. Mizani ya kweli.

Shemeji alisoma sindano, akasoma tena. Wiki iliyopita sitini na mbili, leo hamsini na saba. Niliona anavyohesabu. Kaka akawahi. Akamwambia wiki ile alikuwa amevaa koti zito, simu na funguo mfukoni, asihangaike.

Akanibebea uongo wangu. Hakuniangalia hata mara moja. Mtu mgonjwa vile, ananibeba mimi mwenye kilo themanini na nane.

Baadaye tukiwa wawili akasema haba na haba hujaza kibaba, mdogo wangu, na haba na haba hukimaliza. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, palepale, kati ya magunia ya mashudu. Nikamwambia kaka nisamehe, nilitaka usipungue. Akasema alijua tangu siku ile. Mwili wake anaukalia mwenyewe, akasema, hauhitaji mizani kuuambia. Alichokasirikia ni gunia la mama wa kuku.

Alhamisi, 20 Machi

Tumeitoa motor kwenye boksi. Miaka minane! Karatasi ya maelezo imeliwa na mende nusu. Tukaitumbukiza kwenye pipa la maji nyuma ya duka, nikabonyeza. Hatukusikia kitu. Nikadhani imekufa. Kumbe maji yanazunguka, pipa zima linazunguka kimya kimya, na kaka kakaa kwenye kiti chake anatabasamu kama mtoto aliyepata baiskeli.

Akanifundisha. Motor ikae nyuma, mimi niishike. Yeye mbele na chura wake. Tukifika hatua thelathini kutoka kwenye miti, nizime, tuteleze wenyewe. Domo anasikia hata mtu akikwaruza mguu kwenye bati la boti. Nanga ishushwe kwa mkono, isitupwe.

Na jaketi. Hakuna anayeingia botini bila jaketi. Nikasema najua, kaka. Akasema najua unajua.

Jumatatu, 24 Machi

Hamsini na tano.

Kaka hakupanda mwenyewe, nilimwinua nikamsimamisha. Mikono yangu ilishajua kabla ya sindano. Imebeba magunia miaka thelathini, haidanganyiki.

"Motor imeingia," kaka akasema.

Jumamosi tunakwenda.

Ijumaa, 28 Machi

Boti imefungwa kwenye tela. Kila kitu kimepita kwenye mizani, nimekipanga upya mara tatu.

Mchana kaka alimtuma shemeji aniite. Hakutoka kitandani leo. Akaniagiza nijaze gunia mchanga, lile dogo lisilovuja, nilishone mdomo, nilipime. Nikauliza kilo ngapi. Akasema hamsini na tano, usizidishe, usipunguze. Nikauliza la nini. Akasema la kujaribia boti kesho kabla yeye hajapanda, tuone inavyokaa majini.

Nikaona busara. Tukimkalisha ikayumba, nitamkamataje na bega hili?

Nimelijaza. Nimelipima mara mbili, skrubu nimeiangalia kwanza. Hamsini na tano. Kijana wa mkokoteni kanisaidia kulipandisha kwenye tela.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa botini. Daftari nimelitia kwenye mfuko wa minyoo ya plastiki, linanuka.

Nilifika kwao alfajiri. Shemeji alinifungulia akiwa na kanga ya usiku, nikajua kaka hatoki. Kaka alikuwa macho. Midomo mikavu. Sauti ikabidi niiinamie. Nikasema basi tuahirishe, Jumamosi ijayo ipo. Akanitazama kama siku ile niliponunua zile hereni.

Akasema nenda. Akasema ukienda peke yako ukakaa nyuma na motor na betri, pua ya boti itainuka, upepo utakugeuza, na wewe hujui kuogelea. Gunia liweke mbele. Mahali pangu.

Ndipo nikaelewa lile gunia ni la nini. Hakuwahi kupanga kulitumia kwa majaribio. Ijumaa yote alikuwa amelala pale akijua, na bado akawa ananipimia boti.

Nilikataa. Nikakaa kitandani, nikamshika mkono, nikasema siendi ng'o. Akasema shemeji yako yupo, mimi nina mtu. Domo hana mtu. Hata leo ananichekesha! Akasema nikifika nimpigie, anataka kusikia motor yake.

Nilimpigia katikati ya bwawa. Shemeji akamwekea simu sikioni. Nikaishusha yangu karibu na maji, nikabonyeza motor mpaka mwisho.

"Sisikii kitu," akasema.

Nikasema ndiyo hiyo, kaka. Ndivyo inavyolia.

Nikamsikia anavuta pumzi, ndefu, halafu fupi. Akasema nzuri. Halafu akasema sasa zima hiyo simu, utamtisha samaki. Nikaizima.

Gunia limekaa kwenye kiti chenye mgongo. Nimelivisha jaketi. Nilijicheka mwenyewe kule ufukoni, mlinzi wa bwawa aliyenisaidia kulipakia akinitazama, lakini sheria ni sheria. Na boti imetulia sawa kabisa. Pua haikuinuka hata kidogo. Kapima vizuri.

Nilizima motor hatua thelathini. Nikateleza. Nikamrusha chura kati ya vigogo viwili, nikamwacha atulie, nikamburuza kidogo, nikamwacha. Maji yalipasuka. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka. Nilidhani fundo litafyatuka, fundo langu. Halikufyatuka.

Domo yuko hapa kwenye beseni, kinywa wazi. Nimempima kwa mizani ya mkono. Kilo mbili na robo.

Yaani boti imezidi. Kilo mbili na robo juu ya kibati. Lazima nimwambie, atanigombeza. Jua limeshapanda, saa nne na nusu. Simu ninayo mkononi tangu saa tatu. Sijaiwasha.