Waliolala Nyumbani

3 Machi

Mwanangu,

Habari za kazi, za mkeo na za wajukuu wangu wawili? Sisi huku hatujambo, ingawa nikisema "sisi" nahesabu mimi na kuku. Kidonda cha mguu bado kinanisumbua, na sukari haikiachi kipone. Nesi wa zahanati anakisafisha kila baada ya siku moja. Anasema tukiendelea hivi kitafunga.

Sasa sikiliza. Nesi ameambiwa kwamba sensa ikionyesha kitongoji hakifikishi watu mia tatu, zahanati itafungwa na yeye atahamishiwa zahanati ya njia panda, mwendo wa saa tano kwa miguu. Zamani darasa la kwanza peke yake lilikuwa na watoto themanini. Mwaka huu wameingia sita. Nesi ana mwaka na nusu hajazalisha mtu. Ndugu zako watatu wako nje ya nchi, wanaogesha wazee wa watu. Umebaki wewe. Njooni wote wanne mlale hapa usiku wa sensa, usiku mmoja tu. Zahanati ikifungwa, mguu huu sina.

Mama yako

17 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini unaendelea vizuri. Sisi ni wazima, watoto wanakuamkia.

Kuhusu usiku wa sensa, unasahau ninafanya kazi wapi. Fomu za wilaya nzima zinapita mezani kwangu, za kwenu zikiwemo. Mkaguzi akibeba familia yake kwenda kujaza kitongoji cha mama yake, watu watasema nini? Usiku huo nitakuwa ofisini, na watoto wana shule. Hiyo mia tatu haikuwekwa ili kukukomoa. Pumzisha mguu, uinue juu ya mto.

Kitinda mimba wako

29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Wajukuu hawajambo? Mto niliupata, mguu nikauinua, nao umevimba palepale juu ya mto.

Karani alikuja juzi, dada mmoja mwenye adabu. Akauliza, "Mama, nani na nani walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo?" Nikamjibu kweli tupu. Nimelala mimi, amelala baba yako, wamelala kaka yako mkubwa na dada yako wa pili. Akataka umri wao, nikautaja. Akawaandika wote. Hakuuliza wamelala wapi, nami sikuona sababu ya kumpeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha makaburi.

Usinune. Katika sita niliowazaa, hao wawili ndio hawajanihama.

Mwenyekiti amejumlisha na nesi, tumefika mia tatu na mmoja. Leo nesi amenifunga kidonda huku anaimba.

Mama yako

20 Septemba

Shikamoo mama,

Mguu unaendeleaje? Sisi hatujambo.

Fomu yako imenifikia. Nimemkuta baba humo, miaka sabini na minne, mfugaji, yupo. Nilicheka kwanza, halafu jasho likanitoka. Angeiona mtu mwingine, leo ningekuwa sina kazi. Nimewafuta wote watatu kwa mkono wangu. Mmebaki mia mbili tisini na wanane.

Usinifikirie vibaya. Ungekaa kwenye kiti changu ungefanya hivyohivyo. Mkuu ameusifu ukaguzi wangu na nimepandishwa cheo, niombee dua. Nikipata likizo nitakuja.

Kitinda mimba wako

11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya cheo. Zahanati imefungwa. Nesi ameniachia roli mbili za bandeji na ameondoka analia. Hesabu naijua hata mimi ambaye sikupandishwa cheo. Mngekuja wanne tungekuwa mia tatu na wawili, tena wote wanapumua.

Nilijikokota hadi njia panda mara moja. Nilifika wameshafunga, mwenye baiskeli akanihurumia akanirudisha. Bandeji zimekwisha, najifunga kwa kanga niliyokubebea. Kidonda kinanuka mpaka kuku wananikwepa. Naogopa, mwanangu. Njoo unipeleke hospitali kubwa. Simwombi mkaguzi, namwomba niliyemnyonyesha.

Mama yako

2 Desemba

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama sisi. Mwezi huu haiwezekani, tunafunga ripoti ya sensa na mimi ndiye ninayetegemewa. Nimeomba ruhusa, nimeahidiwa katikati ya Februari. Vumilia kidogo. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, wengi yanawasaidia.

Kitinda mimba wako

24 Januari

Kwako mkaguzi,

Barua yako imenikuta hospitali. Jirani yetu seremala alinilaza kwenye mkokoteni wake wa mbao, akausukuma hadi barabara ya lami, akasimamisha lori. Daktari alisema tumechelewa miezi miwili. Wameukata juu ya goti. Maji ya chumvi nilishayajaribu kabla hujaniambia, hayakunisaidia, nimekupa jibu kama utataka kuliandika mahali.

Kabla ya kukata walitaka ndugu wa kutia sahihi. Mwandikishaji akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?" Nikamwambia sina. Akaniangalia usoni, akaona sitanii, akaandika sufuri. Seremala akatia sahihi penye nafasi ya mtoto.

Keshokutwa natoka. Nakwenda kwao, mkewe ameshanitengea chumba na yeye ananichongea magongo. Nimekuandikia ili usihangaike tena kuomba ruhusa kazini.

Mama wa seremala