Kura ya Mama

Nyumbani, upande wa Machochwe
Jumatano

Mdogo wangu Ryoba,

Marahaba. Najua hujaniamkia, wewe na adabu mliachana zamani, lakini mimi ni dada yako na naitikia hata shikamoo iliyokukwama kooni. Habari za huko Sirari? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku ni wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Zamani tuliyaandika maneno hayo kwa mazoea tu, kama tulivyofundishwa shuleni. Leo nina maana nayo.

Simu yako haipatikani tangu uondoke, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Barua anakuletea Hamim, fundi cherehani wa Mugumu, anayekuja huko kununua vitambaa. Mpe hata chai. Mahindi yamekauka vizuri. Macho ya Mama sasa yanaona mwanga tu, ila masikio yake yanasikia mpaka yasiyomhusu.

Sasa habari yenyewe. Wale ng'ombe tisa wa mzee Kisyeri hawajapatikana. Mchungaji wake aliyekatwa panga usiku ule, mkono haukupona, hospitali wameuondoa. Unakumbuka nyayo zilifuatwa zikapotea mtoni, chini ya shamba letu, na siku mbili baadaye wewe ukasema unakwenda kutafuta kibarua. Mkutano wa kijiji ukaamua tupige kura ya siri, kila mtu aandike jina la anayemshuku kwa wizi wa mifugo.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, kurasa mbili. Wengi waliishia mstari wa juu, wakadhani ni kutaja majina tu ili watu waonywe. Azimio lenyewe lilikuwa chini kabisa: atakayefikisha kura thelathini ataondoka kijijini ndani ya siku saba, yeye na wote wa nyumba yake. Mwenyekiti Simoni aliyasoma hayo haraka haraka, wakati kina mama wameshaanza kukung'uta khanga zao. Mtu pekee aliyeniomba nimsomee tangazo lote alikuwa Mama. Nilimsomea mara mbili. Akauliza kama wa nyumba yake ni pamoja na mama mzazi. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kupukuchua maharage.

Kura ilikuwa Alhamisi, lakini wazee, wagonjwa na wanaokwenda mnadani waliruhusiwa kupiga mapema, Jumanne. Sanduku lilikuwa ndoo ya rangi yenye kufuli. Mimi, kwa kuwa ni katibu wa kwaya na mwandiko wangu unasifiwa, nikawekwa mezani niwaandikie wasiojua kusoma. Walikuja kumi na tisa. Kila mmoja alininong'oneza jina, nikaandika, nikakunja karatasi, akaitumbukiza mwenyewe. Hakuna aliyeomba mtu mwingine aikague. Waliniamini, mura, mdogo wangu.

Ijumaa yakasomwa matokeo. Anold, thelathini na nne. Wewe, ishirini na mbili. Waliobaki walipata mbilimbili, tatutatu.

Anold unamjua, jirani yetu aliyetoka Kenyamonta akamwoa Agustina. Mdomo wake pilipili, na ukigusa mpaka wake hata kwa jembe mtagombana mwaka mzima. Lakini mwizi? Watu walishtuka kidogo, kisha wakasema kura ni kura. Tangu siku hiyo Agustina akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo zao na kuondoka, hata ambazo hazijajaa. Jumatatu mchana, yeye na Anold wakiwa shambani, ghala lao liliwaka moto. Moshi tuliuona wote na hakuna aliyepeleka maji. Vijana wanashinda njiani mbele ya lango lao, hawatukani, hawasemi chochote. Walipanga mawe saba, kila siku wanaondoa moja. Leo yamebaki mawili, na kila kijana ana panga lake. Naogopa, Ryoba. Sidhani wanasubiri Anold aondoke tu.

Jana Agustina alimletea Mama kuku wake watatu amtunzie. Akaniuliza mimi msomi kama tangazo linasema mahali pa kukata rufaa. Nikamjibu halisemi. Akanishukuru.

Nimezunguka vya kutosha. Katika wale kumi na tisa, kumi na mmoja walitaja jina lako. Mzee Kornelio alikuwa amemtaja Anold, kwa ugomvi wao wa mpaka. Baada yake akaketi Mama. Akaniinamia akataja jina lako, la baba na la babu, kama siku ya ubatizo. Mkono wangu ulikataa. Ukaandika tena jina la Anold, lile ulilotoka kuandika. Wale kumi waliofuata wakikutaja, nikafanya vilevile, na kadiri nilivyoandika ndivyo ilivyokuwa rahisi. Hesabu mwenyewe. Ungepata thelathini na tatu, Anold angebaki na ishirini na tatu.

Nilijiambia naokoa nyumba ya Mama. Mama hakuniomba. Na usiniandikie kwamba ulisingiziwa, maana kamba ya ng'ombe wa Kisyeri, ile iliyosukwa kwa ngozi na uzi wa bluu, niliikuta nyuma ya ghala letu. Niliichoma kwa mikono yangu.

Matokeo yaliposomwa nikamrudisha Mama nyumbani. Hapo akaniuliza karatasi yake niliiandikaje. Nikamjibu, kama ulivyosema. Akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo hali chakula changu. Anajipikia mwenyewe, anapapasa mafiga.

Keshokutwa, Ijumaa, kijiji kinakutana kumtoa Anold. Mama amesema atasimama aombe karatasi za Jumanne zisomwe. Nimeamua nisimame kabla yake. Nitasema niliyoyafanya, na nitasema kuhusu kamba. Nakupenda, ndiyo maana unajua mapema. Kesho ukiipata barua hii, nenda polisi kwa miguu yako kabla vijana hawajajua ulipo. Wakishanisikia, mawe yale yatahamia mlangoni kwetu. Mimi na Mama tutakuwa ndani. Hatukimbii.

Hamim anakusalimu, na mkewe Rukaya pia, wako hapa wanasubiri barua. Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa pembeni tangu nilipoanza kuandika. Jina lako kwenye bahasha nimeliandika mbele yake, kisha akanyoosha mkono akaichukua. Hakutaka nimsomee. Amempa Rukaya, akamwambia asome kwa sauti ni jina la nani lililoandikwa.

Ni mimi dada yako,
Bhoke